Mwacheni Msichana Aogelee

Shule moja hapa Dar imewaondoa wasichana kwenye mashindano yake ya kuogelea, eti kwa sababu akina baba watakuwepo kutazama. Binti wa jirani yangu ni mmoja wao. Muhula mzima amekuwa akifanya mazoezi alfajiri, anaingia darasani na alama za miwani ya kuogelea bado zimemzunguka macho. Nimeudhika, maana hoja hii ilishatolewa zaidi ya miaka mia iliyopita, na ikashindwa.

Olimpiki ya Stockholm, 1912, ndiyo ya kwanza kuwa na mbio za kuogelea za wanawake: mita 100, mtindo huru. Sydney, Australia, walikuwepo Fanny Durack na rafiki yake Mina Wylie, na kwao hakuna aliyewafikia. Aliyewazuia ni chama cha wanawake waogeleaji wa New South Wales. Rais wake, Rose Scott, mtu aliyepigania wanawake wapate kura, alishikilia kwamba haifai msichana ashindane mbele ya wanaume.

Namwelewa Scott, kwa shingo upande. Macho ya watu yapo na yanakera. Lakini mbona anayeadhibiwa ni aliyekuja kuogelea? Mwenye macho mabaya ndiye atolewe jukwaani! Ukimwondoa msichana umemwambia kwamba mwili wake ndio kosa, na yule mkosaji umemwacha amekaa palepale, hajaguswa. Kesho atamkodolea mwingine sokoni au kwenye daladala. Huko nako tutawatoa?

Watu wa Sydney walipiga kelele mpaka chama kikalegea, Scott akajiuzulu. Nauli ikawa juu ya familia na michango. Durack alisafiri na dada yake. Wylie alisafiri na nani? Baba yake! Mzee Wylie, aliyejenga bwawa la baharini kule Coogee mwaka 1907, binti yake akakulia humo. Baba wa namna hiyo ndiye ninayemtaka jukwaani.

Waliogelea kwenye maji ya ghuba. Durack aliweka rekodi ya dunia ya 1:19.8 katika mchujo, kisha akachukua dhahabu kwa 1:22.2. Wylie wa pili, wa tatu Jennie Fletcher wa Uingereza, mfanyakazi wa kiwandani. Muda huo wa 1:22.2 ndio uliompa Alfréd Hajós ushindi wa wanaume mwaka 1896. Haya, Hajós aliogelea baharini Piraeus, kwenye baridi na mawimbi, na kufikia 1912 Duke Kahanamoku alishinda mbio hizo za wanaume kwa 1:03.4. Bado naona fahari.

Marekani haikupeleka mwogeleaji mwanamke hata mmoja.

Kwenye mbio za kupokezana walihitajika wanne, Australia ina wawili tu. Durack na Wylie wakaomba kila mmoja aogelee mara mbili. Wakakataliwa, Uingereza ikachukua dhahabu. Wangeruhusiwa, naamini Waingereza wangetoka jasho majini.