Australia haikuokolewa na ujasiri, iliokolewa na chuma

Mjadala wa China ukipamba moto, hakosekani mtu wa kutuambia tuige Australia: waliwatunishia Wachina misuli na hawakufa. Kweli hawakufa, lakini misuli haikuwa na kazi kubwa hapo.

Aprili 2020 serikali ya Scott Morrison, waziri mkuu wa Australia wakati huo, ilidai uchunguzi huru kuhusu chanzo cha UVIKO-19. Mwezi uliofuata China ikaitwisha shayiri ya Australia ushuru wa asilimia 80.5, na machinjio manne yakafungiwa kuuza nyama China. Halafu zamu ya makaa ya mawe, kambakoche, na mvinyo, ambao ushuru wake ulifika hadi zaidi ya asilimia 200. Novemba, ubalozi wa China mjini Canberra ukawapa waandishi wa habari orodha ya malalamiko 14, likiwamo la Huawei, kampuni ya simu ya China, kuzuiwa kwenye mtandao wa 5G tangu 2018.

Kitu kimoja hakikuguswa: madini ya chuma. Zaidi ya nusu ya madini ya chuma ambayo China inaagiza hutoka Australia, hasa jimbo la magharibi, na hakuna nchi iliyoweza kuziba pengo hilo. Meli ziliendelea kupakia kwenye bandari ya Port Hedland kama vile hakuna ugomvi, na Mei 2021 bei ikapita dola 200 kwa tani. Nani kati yetu ana mzigo wa namna hiyo? Kenya na parachichi zake?

Wakulima wa shayiri walipata wanunuzi kwingine, Saudi Arabia wakiwamo. Waliolia ni wenye mizabibu. Mvinyo mwekundu ulijaa maghalani mwao, na hakuna hotuba ya Morrison iliyowanunulia hata chupa moja.

Sifa mimi nawapa Anthony Albanese, waziri mkuu aliyemfuata Morrison, na waziri wake wa mambo ya nje, Penny Wong, walioingia Mei 2022. Huawei hawakuirudisha, mkataba wa nyambizi wa AUKUS na Marekani na Uingereza hawakuuvunja. Walichopunguza ni kelele. Aprili 2023 walisimamisha kesi ya shayiri kwenye Shirika la Biashara Duniani ili China iupitie upya ushuru wake; Agosti ukafutwa. Wa mvinyo ukaondoka Machi 2024. Beijing ilirudi nyuma bila kuaibishwa hadharani, na Canberra haikukubali hata moja kati ya malalamiko makubwa kwenye orodha ya China.