Michongoma na geti la chuma

Juzi tuko kwenye foleni ya magari pale Mwenge, Dar, mwanangu wa darasa la nne akaniuliza, baba, kwani sisi ni maskini? Nikadhani nimesikia vibaya. Gari ina kiyoyozi, shuleni anakula chakula cha mchana ambacho mimi nilikua nakiona Krismasi tu, halafu ananiuliza umaskini. Kumbe rafiki yake kwao kuna bwawa la kuogelea na likizo wanaenda Dubai, sisi kila mwaka tunaenda Tabora kwa bibi, basi kapiga hesabu zake akapata jibu.

Lile swali lilinikaa wiki nzima kwa sababu mimi la kwanza nimeanza 1984, miaka ya foleni, sukari mnagawiwa kwa kaya, sabuni ikipatikana ni habari ya mtaa mzima, tumekula sana unga wa yanga ule wa njano wa msaada, shule naenda peku huku nimebeba fagio na kidumu cha maji, na sikumbuki hata siku moja kujiuliza kama kwetu ni maskini. Tulikaa kota za reli. Na kota zenyewe zilikua na matabaka yake jamani, tusidanganyane eti enzi za Mwalimu Nyerere wote tulikua sawa, mabosi walikua na nyumba zao kubwa na sukari yao sijui ilikua inapitia mlango gani maana foleni hatukuwaona. Ila uzio wa nyumba zao ulikua wa michongoma na sisi watoto tulishautoboa zamani, tunaingia kula maembe, na mtoto wa bosi anatokea palepale kuja kucheza chandimu. Asubuhi tunakaa dawati moja, shule ni hiyohiyo, hakuna nyingine. Shule ya msingi ya kulipia ungeitafuta kwa tochi.

Sasa kwenye hili la kama shida zile zilitusaidia, wenzangu wa rika langu wako makundi mawili. Kundi la kwanza ni wale wa "watoto wa siku hizi mayai". Mtoto wa miaka kumi na mbili hajui kufua soksi, akitumwa dukani lazima asindikizwe, akikosa intaneti nusu saa nyumba haikaliki. Hawa wanasema shida ndiyo iliyotukomaza, na wengine waliamini hivo mpaka wakawa wanapeleka bweni mtoto wa la pili "akakomae", tena kwa mamilioni, yaani unalipia mtoto wako apate taabu uliyoipata wewe bure! Mwaka 2023 serikali ikapiga marufuku bweni kwa walio chini ya la tano, na ukisikiliza baadhi ya wazazi walivyolalamika utadhani wamenyang'anywa urithi.

Kundi la pili linasema acheni kuipamba dhiki. Na mimi hapa nakubali zaidi, maana sisi tunaosimulia kwamba shida ilitukomaza ndio tuliopenya. Kati ya watoto 100 waliomaliza la saba miaka ile, waliopata nafasi sekondari ya serikali hawakufika 10. Hao zaidi ya 90 nao walitembea peku na kubeba vidumu, wengine walikua na akili kunizidi mimi, mbona hatuwaiti kwenye vikao vyetu watusimulie walivyokomazwa? Dawati mwenzangu alikua mkali wa hesabu shule nzima, saivi anachoma mkaa. Sasa nikimnyima mwanangu viatu ili awe kama mimi, kwa nini nina uhakika atakua mimi na sio yule?

Kwa hiyo soksi na intaneti havinisumbui, kufua anafundishwa wiki moja tu. Kinachonisumbua ni ile michongoma. Mwanangu kalelewa ndani ya geti la chuma, linamchukua basi la njano mlangoni, linamshusha kwenye geti lingine, jumapili ni sherehe ya bethdei kwenye geti la tatu. Hajawahi kukaa dawati moja na mtoto wa bodaboda. Ndio maana anajiona maskini, wa kujilinganisha nao wote wamemzidi! Sisi tulikua tunaona juu na chini kwa siku moja, yeye anaona juu tu.

Utasema basi mpeleke Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, akachanganyike. Nilishawaza hilo, na sitampeleka, nasema ukweli. Ada shule za serikali za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, sekondari mpaka kidato cha nne ikafuata 2016, watoto wameingia kwa wingi na ni jambo jema kabisa, ila madarasa yamefurika, na mtoto anasoma kwa Kiswahili miaka yote halafu form one anakutana na Kingereza cha ghafla. Nani atamwacha wa kwake hapo wakati uwezo wa kumtoa anao? Shida ni kwamba tukishatoka sisi wenye kelele, anabaki nani wa kwenda kumsumbua mwalimu mkuu kuhusu vyoo? Kwahiyo mimi ninayelalamikia geti ndiye ninayelilipia kila muhula, na silioni jibu la kunitoa hapo.

Dada wa kazi anayetulelea wanetu ana mtoto wake kwao Singida, naye yuko la nne, umri uleule, Kayumba. Wangu analijua jina lake kwa sababu anasikia mama mtu akiongea naye kwenye simu jioni, basi, hapo ndipo ujirani wao ulipoishia. Mwezi wa kumi na mbili anakuja Dar kumsalimia mama yake. Nimesema alale chumba kimoja na wa kwangu. Mke wangu kasema tutaona.