Mlembe wa Sikonge na vikopo vya alizeti vya Uingereza

Nimesikia mara nyingi, tena kwa Watanzania wenzangu tunaoishi huku Uingereza, kwamba Mzungu anapenda ndege, sisi tunajua kuwapiga manati tu. Mimi ni mtu wa Sikonge, Tabora, na nakataa.

Kwamba huku wanawapenda, ni kweli. Kijijini ninapoishi, Norfolk, karibu kila nyumba imetundika vikopo vya mbegu uani. Alizeti, ile ile tunayokamulia mafuta, watu wanainunua kwa mifuko ili ndege wale. Kila Januari RSPB, shirika la kulinda ndege, huwaomba watu wakae saa nzima wahesabu ndege wanaotua kwao, desturi iliyoanza 1979. Bibi jirani yangu akilima bustani yake, kindege chenye kifua chekundu huja kutua karibu kabisa na jembe, kikingoja minyoo. Anaongea nacho. Napenda sana kumwona.

Lakini chakula hicho kina madhara yake. Tangu 2005 hivi chiriku wa kijani wa huku wamekufa kwa wingi kwa trikomonosi, ugonjwa wa koo unaowafanya washindwe kumeza, na huambukizana pale pale wanaposongamana kula na kunywa. Ndiyo maana watu wanahimizwa kuviosha vikopo kila mara. Kigoma nako tuna somo letu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe 1960, na miaka michache baadaye sokwe wakawa wanawekewa ndizi kambini ili wasogee. Walisogea kweli, nyani nao wakaja, ugomvi ukazidi, ikabidi ndizi zipunguzwe na mwishowe ziachwe. Kwa hiyo nikiona video za vijana wa nyumbani wanampa tumbili mkate mlangoni, roho inaniuma. Tumbili akishazoea mkono wa mtu hangoji tena kupewa. Ataingia jikoni, atawapokonya watoto, na siku hiyo ataitiwa mbwa na marungu.

Wazee wetu walikuwa na urafiki mwingine, na mlembe. Aliyewahi kwenda porini na warina asali anamjua: kindege cha kijivu, wala si kizuri cha kutazama, kinakuja karibu na kupiga kelele kama kiberiti kinachotikiswa. Kinaruka hadi mti wa mbele, kinangoja, kinaita tena, na manyoya meupe ya mkiani yanaonekana kila kinaporuka. Watu wanakiitikia kwa mluzi, wanakifuata hivyo hivyo mpaka kwenye mti wenye nyuki. Moshi unapigwa, asali inashushwa, halafu kipande cha sega kinawekwa juu ya jani, mahali peupe. Hilo ni fungu lake, maana mlembe anakula nta, kitu ambacho ndege wengi hawakiwezi. Baba mdogo hakukubali tuondoke fungu hilo halijawekwa. Wazee walisema ukimdhulumu, safari nyingine atakupeleka kwa chui.

Kwangu mimi urafiki huu unaushinda ule wa vikopo. Mlembe analipwa ujira wake na anabaki kuwa ndege wa porini, hana haja ya kusubiri mlangoni kwa mtu.

Cha kuiga kutoka huku ni maji. Septemba na Oktoba, Tabora ikikauka, beseni pana lisilo na kina, lenye jiwe katikati ili ndege wadogo wapate pa kusimama, litawafaa kuliko makombo ya ugali. Liwekwe mbali na kichaka, paka asije akawavizia, na maji yabadilishwe kila siku. Na manati wanyang'anywe watoto, hapo sina utetezi.

Lakini mlembe bila pori hana pa kutupeleka, na miti ya miyombo inaishia kuwa kuni kwenye mabani, vibanda vya kukaushia tumbaku kwa moto. Kaka yangu ni mkulima wa tumbaku. Nimemwomba ile iliyobaki nyuma ya nyumba, tunapotundika mizinga, isiguswe, na pesa ya kuni za mikaratusi kwa msimu huu nitaituma mimi.