Bata bukini kwenye vitalu vya Mabogini

Mkulima mmoja wa Mabogini, chini kidogo ya mji wa Moshi, alinionyesha kitalu chake asubuhi: miche ya mpunga imelala kwenye tope, nyayo zenye utando kila upande, kinyesi cha kijani juu ya tuta. "Mwanangu, hawa hawali tu, wanakanyaga," alisema. Hapo sina ubishi naye. Dume la bata bukini, yule mwenye mwiba kwenye bawa, hufika kilo 6. Kundi likitua usiku kwenye mbegu zilizochipua, kesho unaanza upya: mbegu, maji, vibarua.

Ila wanaomwita mvamizi wanasahau nani alitangulia. Bata huyu hatoki Ulaya kama korongo mweupe. Anahama kufuata mvua, maji yakikauka huku anakwenda kule. Kila mwaka manyoya ya mabawa humpukutika, akakaa wiki kadhaa bila kuruka, ndiyo maana anataka maji mapana kama Bwawa la Nyumba ya Mungu. Chakula chake ni majani na mbegu za matindiga. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, kwake ni tindiga tu, tena lililopandwa chakula.

Lawama nazo zimechanganywa. Masuke yakianza kujaa, adui ni kwelea kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka. Baada ya mavuno bata anaokota punje zilizodondoka, na hapo hasara siioni. Ugomvi wa kweli ni wa zile wiki chache za kitalu.

Wiki hizo ndizo zinazoleta kishawishi cha sumu. Hasira naielewa, lakini kule Bunyala, Kenya, kaboferani, sumu ya kuulia wadudu, imetumika kuua ndege mashambani na nyama yao ikauzwa, watu wakala. Maji ya jaruba nayo hurudi mferejini, ng'ombe wakanywa. Na hapa Tanzania kuwinda kwa njia halali kunahitaji kibali, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Mlinzi wa usiku na debe lake ni gharama, na kwa mwenye jaruba moja si ndogo. Ndiyo maana naona heri majirani waweke vitalu pamoja, walipe mlinzi mmoja. Yule mkulima ameshakubaliana na wenzake wawili. Wa tatu kagoma. Anasema kwake bata hawajawahi kutua. Kitalu chake tulikuwa tunakiona pale tuliposimama.