Jicho la Angani Juu ya Msitu wa Amazon

Katika miezi 12 iliyoishia Julai 2004, msitu wa Amazon upande wa Brazil ulifyekwa kwa kiasi cha kilomita za mraba 27,772, eneo linalokaribia ukubwa wa Burundi nzima. Miaka minane baadaye, kipimo kile kile kilionyesha kilomita za mraba 4,571. Wanaoamini kwamba teknolojia ya kidijitali inaweza kuzisaidia serikali kufikia malengo ya mazingira huutaja mfano huu mapema, na wana haki ya kuutaja. Swali ni sehemu gani ya mafanikio hayo ilitokana na mitambo, na sehemu gani ilitokana na watu walioamua kuitumia.

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Anga ya Brazil, INPE, imekuwa ikipima ufyekaji wa Amazon kwa picha za setilaiti tangu mwaka 1988. Kwa muda mrefu kipimo hicho kilikuwa cha mwaka kwa mwaka: serikali ilipata habari za msitu uliokwisha kuanguka, mashina yakiwa yamechomwa na ng'ombe wakilisha juu ya majivu. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2004, ulipoanzishwa mfumo wa DETER, unaosoma picha mpya mara kwa mara na kutoa tahadhari ya kila eneo linaloanza kufyekwa. Wakaguzi wa shirika la mazingira, IBAMA, ambao awali walitegemea fununu na taarifa za wasamaria wema katika msitu usio na barabara, sasa waliweza kupelekwa moja kwa moja mahali husika, matrekta yakiwa bado yananguruma. Mwaka 2008 Benki Kuu ya Brazil nayo iliagiza kwamba mikopo ya kilimo katika eneo la Amazon isitolewe bila uthibitisho kwamba shamba linafuata sheria za mazingira. Kwa hiyo tahadhari iliyotoka angani ilianza kumgusa mfyekaji penye uchungu zaidi, yaani mfukoni.

Haitakuwa haki kuipa setilaiti sifa zote. Katikati ya miaka hiyo bei za soya na nyama ya ng'ombe zilishuka, na mwaka 2006 wafanyabiashara wakubwa wa soya walikubaliana kutonunua zao hilo kutoka kwenye ardhi iliyofyekwa upya. Hata makubaliano hayo, hata hivyo, yalihitaji picha za setilaiti ili kujua nani ameyavunja.

Upande wa pili una hoja nzito. Mfumo wa DETER wa mwanzo haukuweza kuona ufyekaji ulio chini ya hekta 25, na baada ya muda sehemu kubwa zaidi ya ufyekaji ilianza kufanyika kwa vipande vidogo vidogo. Mawingu ya msimu wa mvua nayo huuficha msitu kwa wiki nyingi. Kasoro hizi ni za kiufundi, na kamera bora zimezipunguza. Ile isiyotibika kwa kamera ilijitokeza mwaka 2019, pale Rais Jair Bolsonaro alipodai kwamba takwimu za INPE ni za uongo. Mkurugenzi wa taasisi hiyo, Ricardo Galvão, alizitetea hadharani na akaondolewa kazini mwezi Agosti mwaka huo huo. Tahadhari ziliendelea kutoka, zikiwa na usahihi kuliko zile za 2004, lakini usimamizi wa sheria ulikuwa umedhoofishwa. Kufikia mwaka 2021 ufyekaji ulizidi kilomita za mraba 13,000 kwa mwaka, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 2006. Luiz Inácio Lula da Silva aliporudi madarakani mwaka 2023, akiwa na Marina Silva kama waziri wa mazingira, ufyekaji ulishuka tena, na mwaka ulioishia Julai 2024 ulikuwa kilomita za mraba 6,288. Mfumo wa kuangalia msitu ulikuwa ule ule.

Kuna jambo moja ambalo wakosoaji wa teknolojia hulipita haraka mno. Tunaweza kuisimulia miaka hiyo mibaya kwa tarakimu kwa sababu INPE ilikuwa imezoea kuziweka takwimu zake wazi kwenye intaneti, ambako mwananchi, mwandishi wa habari na mnunuzi wa soya wanaziona kama waziri anavyoziona. Kwangu mimi uwazi huo ndio faida kubwa kuliko zote, kwani ulimwezesha Galvão kusema ukweli na kuaminiwa.

Si kila chombo cha kidijitali kilichojengwa Brazil kimekuwa rafiki wa msitu. Sheria ya Misitu ya 2012 iliwataka wenye mashamba wote kujiandikisha katika daftari la kielektroniki, CAR, wakichora mipaka ya ardhi yao kwenye ramani. Nia ilikuwa kujua nani ana wajibu wa kulinda msitu upi. Lakini mwenye kujiandikisha hujaza taarifa zake mwenyewe, na uhakiki umekuwa ukisuasua, hivyo waporaji wa ardhi wamelitumia daftari hilo hilo kudai mamilioni ya hekta za misitu ya umma.

Kwa Tanzania, ambako sensa ya misitu ya NAFORMA ilikadiria hekta milioni 48 za misitu, mfano huu hauwezi kunakiliwa kama ulivyo. Misitu yetu mingi ni miombo, ambayo hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kumfanya msomaji wa picha adhani imefyekwa. Mchoma mkaa naye hukata mti mmoja hapa na mwingine pale, jambo ambalo jicho la angani hulitambua kwa shida. Ndiyo maana NAFORMA ililazimika kupeleka watu kupima miti kwa mikono katika maelfu ya vituo nchini kote. Upimaji huo ulifanyika kati ya 2009 na 2014, na miti haijasimama kuusubiri mwingine.