Ziwa la kompyuta na macho ya wenzako: maoni yapi yafuatwe?

Ukiwaonyesha wenzako picha ya ziwa la mlimani uliyoiunda kwa kompyuta, aghalabu jambo la kwanza utakaloambiwa ni kwamba maji hayafanani na maji. Mara ushauri nao unafuata: punguza mng'ao, ongeza mawimbi, tia ukungu kidogo. Nionavyo mimi, malalamiko yaaminiwe karibu kila mara, lakini ushauri upimwe kabla ya kufuatwa. Mambo haya mawili huja yamefungwa pamoja, na anayeyameza yote kwa mkupuo huishia kuiharibu picha iliyokuwa inaelekea pazuri.

Malalamiko yana uzito kwa sababu muumbaji wa picha ameshaizoea. Anajua nyuma ya kilima pana bonde, maana alilichonga mwenyewe, kwa hiyo analiona hata pale lisipoonekana. Mwenzake anaona kilichomo tu. Tena kila mtu ametazama maji na mwanga tangu utotoni. Hata asiyejua lolote kuhusu programu za picha, jicho lake hukataa kitu ambacho mdomo wake hauwezi kukieleza.

Hapo kwenye kueleza ndipo tatizo linapoanza. Chukua lile la mng'ao. Maji yakitazamwa wima kutoka juu huakisi takriban asilimia 2 tu ya mwanga, ndiyo sababu mawe ya chini huonekana miguuni pa aliyesimama ufukweni. Kadiri jicho linavyoyatazama kwa mshazari, uakisi hupanda, hadi kwa mbali kabisa ziwa linakaribia kuwa kioo. Kanuni za mabadiliko hayo zilitolewa na Mfaransa Augustin Fresnel katika karne ya 19, na programu nyingi za leo zinazo ndani yake. Sasa mtu asipoitumia kanuni hiyo, ziwa lake litang'aa sawasawa karibu na mbali, kama bati. Mwenzake atasema maji yanang'aa mno, na ni kweli yanang'aa mno, lakini ya karibu tu. Mwenye picha akipunguza mng'ao wa ziwa zima, ameua upande wa mbali uliokuwa sahihi.

Au mtu anaambiwa mlima wake ni mfupi, auinue. Anauinua mara mbili, bado mfupi. Kosa halimo mlimani hata kidogo: mawimbi ya ziwa ni makubwa kupita kiasi, na jicho linapoyapima linahitimisha kwamba hili ni dimbwi, basi na mlima nyuma yake ni kichuguu. Viwimbi vikipunguzwa, mlima unakua bila kuguswa.

Maoni ninayoyathamini kuliko yote ni ya wanaoijua ardhi. Milima ya kompyuta ina asili ya kihesabu. Mwanahisabati Benoit Mandelbrot alionyesha kwamba maumbo ya milima yanaweza kuigwa kwa fraktali, yaani maumbo ambayo vipande vyake vidogo hufanana na umbo zima, na mwaka 1980 Loren Carpenter, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ndege ya Boeing, aliwashangaza wataalamu wa michoro ya kompyuta kwa filamu fupi ya kuruka juu ya milima ya namna hiyo. Ila mlima wa fraktali mtupu haujawahi kunyeshewa. Una mashimo kila mahali na mabonde yasiyopeleka maji popote. Ndiyo maana mwaka 1989 Ken Musgrave na wenzake walichapisha njia ya kuuongezea mmomonyoko. Mtu akikuambia ziwa lako linaonekana limemwagwa tu, usikimbilie kupanda miti ufukweni. Jiulize ziwa hilo limetokana na nini: barafu iliyochimba bakuli, au kifusi cha mawe kilichoziba bonde? Na maji yakijaa, yanapitia wapi kutoka?

Hata hivyo, upande wa pili una hoja nzito. Wenzako huweza kukataa jambo lililo sahihi. Taswira ya mlima majini si nakala ya mlima iliyopinduliwa. Tunauona kana kwamba jicho limeshuka chini ya usawa wa ziwa, kwa umbali ule ule lililokuwa juu yake. Hivyo kilima cha karibu kinaweza kukificha kilele majini ilhali juu kinaonekana wazi. Kompyuta ikikokotoa hivyo, kuna watakaodai kilele kimesahauliwa. Vivyo hivyo rangi: Moraine Lake la Kanada lina feruzi kali kwa sababu ya unga wa mawe yaliyosagwa na barafu, na atakayeichora rangi hiyo kwa uaminifu ataambiwa ameitia chumvi.

Wapo wanaosema picha ni ya watazamaji, kwa hiyo watu kumi wakiona kosa, ni kosa. Nakubali nusu. Kama feruzi inakataliwa, huenda hakuna barafu wala mchanga wa kijivu unaoiandaa akili kuipokea, na hilo linaweza kuongezwa bila kuigusa rangi. Lakini watu tisa waliozungumza baada ya kumsikia wa kwanza si mashahidi tisa. Na wakubwa wa fani hii hawakuwa watiifu hivyo: mchoraji wa rangi Albert Bierstadt alichora ziwa lake maarufu la milima ya Sierra Nevada, Marekani, mwaka 1868 akiwa Roma, kwa mwanga na vilele vilivyokuzwa makusudi. Kundi la kukosoa lingemshauri apunguze hiki na kile mpaka picha ifanane na nyingine zote.

Kwa hiyo namna ya kuuliza ni muhimu. Waonyeshe mapema, maumbo yakiwa ya kijivu na mwanga tu, kabla kompyuta haijatumia saa nyingi kukokotoa kila jani. Waulize mmoja mmoja wanaona nini, si warekebishe nini. Na maoni yakipingana, usitafute wastani. Mmoja akitaka ukungu zaidi na mwingine akitaka upungue, huenda wote wawili wanasumbuliwa na umbali: safu ya nyuma ina weusi ule ule wa miti ya mbele, wakati hewa ya kweli ingeufifisha kuelekea buluu. Rekebisha hewa, acha ukungu ulivyo, kisha waonyeshe tena bila kuwaambia ulichobadilisha.