Aliyeuleta Upanga ni Mimi

Yerusalemu nzima inaimba hekima ya mfalme. Sokoni Sulemani, kisimani Sulemani, hata mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kumsifu mwanamume yeyote chini ya jua, naye Sulemani. Sawa. Lakini jamani, upanga ulijileta wenyewe?

Makahaba wawili, nyumba moja, wamejifungua wakipishana siku 3. Mmoja kamlalia mwanawe usiku akafa, kaamka usiku wa manane kabadilisha. Asubuhi ugomvi. Shahidi hakuna, ndani walikuwa wao wawili tu. Kesi kama hiyo, mzee yeyote wa langoni angeumwa tumbo ghafla. Sisi walinzi tumesimama, "aliye hai ni wangu", "muongo, wako ndiye maiti", wanapokezana, magoti yananiuma. Mara mfalme: "Nileteeni upanga."

Wenzangu wote wakaanza kukagua dari. Nikabaki mimi.

Leo mnasimulia mkicheka, eti alikuwa anawapima tu. Mlijuaje? Sisi wa ikulu tunaujua upanga wa nyumba ile. Benaya bin Yehoyada, mtu wa mfalme wa kuua, alitumwa kwa Adoniya, ndugu wa mfalme kwa baba, akamaliza. Akatumwa kwa Yoabu, jemadari wa zamani, mzee wa watu kashika pembe za madhabahu; akamaliza. Shimei je, yule aliyekatazwa kutoka Yerusalemu? Katoka mjini kufuata watumwa wake waliotoroka, aliporudi tu, Benaya huyo. Sasa mfalme wa namna hiyo akisema mtoto akatwe vipande viwili, nani atadhani ni utani? Yule mama alipiga yowe kwa sababu aliamini. Ndoto ya Gibeoni, ile ambayo Mungu alimwahidi hekima, siikatai, nilikuwepo, dhabihu 1,000 ziliteketezwa na moshi wote ukanichagua mimi. Ila nusu ya hekima ile ilikuwa sifa mbaya ya Benaya, na hili msimwambie Benaya.

Mimi huku mikono inatetemeka. Nikate wima au mlalo? Hakuna anayeelekeza. Mmoja analia, "Mpe yeye, msimwue!" Mwenzake ananikodolea macho: "Asiwe wangu wala wako, kateni!" Kana kwamba namchelewesha mpishi. Namshukuru Mungu mfalme akatamka mtoto apewe huyo anayelia, maana mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga njia ya kukimbilia Misri.

Baada ya hapo Israeli yote ikamwogopa mfalme. Mimi nikaogopwa kivyangu: nikipita mtaani, kina mama wanavuta watoto ndani. Na jikoni ikulu kila siku ng'ombe 10 walionona, 20 wa malisho, kondoo 100, achilia mbali paa na kuku. Hakuna hata mfupa mmoja uliowahi kupotea njia ukaja kwangu.

Basi majirani zangu wawili wakagombania mbuzi, kila mtu wangu, wangu. Wakaniletea mimi, si ninatoka ikulu? Nikajikohoza, nikaagiza kisu, nikasema kwa sauti nzito: mbuzi akatwe, huyu nusu, huyu nusu. Nikasubiri yowe la mwenye uchungu.

"Haya," akasema wa kwanza, "mimi nachukua nyuma."

"Sawa, ila maini yangu," akajibu wa pili.

Mwenye mbuzi ni nani mpaka leo sijui. Mimi nilipewa kichwa na kwato.